"Mtandao Unasumbua" Haitoshi: Tafuta Njia Imekatikia Wapi

Katika ofisi nyingi za kwetu, mtu akisema mtandao unasumbua, anayefuata anakimbilia ruta na kuichomoa kwenye umeme. Ikiwaka tena, pengine tatizo limeondoka. Pengine liko palepale, na wenzake waliokuwa wakifanya kazi vizuri wamekatwa katikati ya malipo ya benki. Hata likiondoka, hakuna aliyejua lilikuwa nini, kwa sababu dalili zote zimefutika ruta ilipozimwa, na kesho kutwa litarudi vilevile.

Makala hii nawaandikia watu waliokabidhiwa kompyuta za ofisi bila kuajiriwa kwa kazi hiyo: katibu muhtasi, mwalimu wa hisabati, mtunza stoo, kijana aliye kwenye mafunzo kazini. Ni wengi, na ofisi nzima inawategemea. Ningependa washike jambo moja kabla ya mengine yote: usitibu hitilafu ambayo hujajua iko wapi. Kuna njia kutoka kwenye kompyuta ya mtumiaji hadi kule anakotaka kufika, na njia hiyo imekatika mahali fulani. Kazi ya kwanza ni kupajua mahali hapo.

Uliza swali moja la awali: ni wewe peke yako, au na wenzako? Akiwa ni yeye peke yake, mara nyingi ruta haina kosa, iache kwanza. Wakiwa ni watu wa chumba kimoja, kaangalie swichi ya mtandao inayohudumia chumba hicho. Mara nyingi utakuta waya wake wa umeme umechomolewa ili mtu achaji simu. Wakiwa ni wote, ndipo uiendee ruta, au mbele zaidi ya ruta. Swali hilo halichukui hata dakika moja, nalo linakuondolea zaidi ya nusu ya kazi.

Tuseme ni mhasibu peke yake. Angalia kwanza waya wa mtandao nyuma ya kompyuta yake. Kile kishikizo kidogo cha plastiki kwenye kichwa cha waya hukatika upesi, na meza ikisogezwa wakati wa usafi, waya unatoka kidogo tu, kiasi kwamba kwa macho unaonekana uko mahali pake. Taa ndogo iliyo kando ya tundu ndiyo ya kuaminiwa. Kama haiwaki, bonyeza waya hadi usikie mlio, au jaribu waya mwingine.

Taa ikiwa inawaka, fungua programu ya cmd kwenye Windows, andika ipconfig, kisha usome anwani ya kompyuta. Katika ofisi ndogo mara nyingi huanza na 192.168. Ukikuta inaanza na 169.254, umeshapata jibu kubwa: kompyuta iliomba anwani kutoka kwenye ruta, ikakosa, ikajipa yenyewe. Haiwezi kutoka nje hata ungefanya nini kwenye kivinjari. Andika ipconfig /renew ili iombe tena. Ikikosa tena, tatizo liko kati ya kompyuta hiyo na ruta: waya, swichi, au ruta iliyokwisha kugawa anwani zote ilizonazo. Hilo la mwisho hutokea ofisi inapojaa simu za wageni zilizopewa nywila ya Wi-Fi.

Anwani ikiwa nzuri, tumia amri ya ping. Aliiandika Mmarekani Mike Muuss mnamo Desemba 1983 akiwa anatafuta hitilafu ya mtandao kazini kwake, na hadi leo sijaona chombo cha bure kinachoizidi kwa kazi hii. Ipige kwa hatua. Kwanza kwa ruta yenyewe, mathalani ping 192.168.1.1. Ikijibu, mtandao wa ndani ni mzima. Kisha ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google iliyo nje ya ofisi. Ikikataa hapo kwenye kompyuta zote, intaneti haifiki kwenye ruta, na wa kupigiwa simu ni kampuni inayokuuzia huduma. Mwisho piga ping kwa jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likakataa, kilichoharibika ni ile huduma ya kugeuza majina kuwa namba, yaani DNS. Andika ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu ya zamani, na likiendelea, badilisha seva ya DNS kwenye ruta.

Wakati mwingine njia hukatikia mbali kabisa na ofisi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini zinazohudumia pwani yetu, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora au ikapotea Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo mtandao wa ndani wa ofisi hauna ubaya wowote. Faili zilizo kwenye seva ya ofisini zinafunguka, printa inachapa, ruta inajibu ping. Fundi anayejua njia imekatikia nje anawaambia wenzake waendelee na kazi za ndani. Asiyejua anashinda akizima na kuwasha vifaa, na pengine anaharibu mipangilio iliyokuwa mizima.

Kuna hitilafu mbili za mtandao ambazo nataka kuzieleza zaidi, maana zinasimamisha ofisi nzima na hazionyeshi sababu. Ya kwanza ni waya mmoja uliochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi moja. Mtu anaona ncha inaning'inia, anadhani imechomoka, anairudisha kwa nia njema. Katika swichi za bei nafuu zisizo na kinga, ujumbe unaanza kuzunguka humo bila kikomo hadi hakuna nafasi ya kazi nyingine. Utajua kwa taa: zote zinapepesa kwa kasi, kwa pamoja, bila kupumzika. Chomoa nyaya moja moja hadi taa zitulie. Wa mwisho kuuchomoa ndio mkosaji.

Ya pili ni ruta ya pili. Mfanyakazi anataka Wi-Fi yenye nguvu chumbani kwake, analeta ruta kutoka nyumbani na kuichomeka ukutani. Sasa kuna vifaa viwili vinavyogawa anwani, na kompyuta inachukua ya kile kitakachowahi. Nusu ya ofisi inafanya kazi, nusu haifanyi, na asubuhi inayofuata wamebadilishana. Hapa ipconfig inakuokoa tena: mara nyingi kompyuta yenye shida itaonyesha anwani ya familia nyingine, kwa mfano 192.168.0 wakati ofisi yenu ni 192.168.1. Itafute ruta hiyo uichomoe, na umtafutie mwenzako Wi-Fi inayofika, kwa sababu haja yake ilikuwa ya kweli.

Printa nayo husingiziwa sana. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa printa anwani mpya, huku kompyuta zote zikiendelea kupeleka kazi kwenye anwani ya zamani. Watu wanaifuta na kuiweka upya kwenye kila kompyuta, kazi ya mchana mzima. Chapa ukurasa wa taarifa kutoka kwenye printa yenyewe, usome anwani yake, kisha ingia kwenye ruta uihifadhie printa anwani moja ya kudumu. Ni kazi ya mara moja. Foleni ikikwama na kazi haitaki kufutika, simamisha huduma ya Print Spooler, futa faili zilizo ndani ya folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha iwashe huduma tena. Futa faili tu, folda yenyewe iache. Na tafadhali, printa ya leza isichomekwe kwenye UPS: inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo huzidiwa.

Kompyuta ikiwa nzito, mtumiaji ataapa kwamba huizima kila jioni. Anasema kweli. Lakini tangu Windows 8, kompyuta nyingi zikizimwa kwa "Shut down" huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili ziwake haraka, kwa hiyo uchovu wa jana unaamka nazo. "Restart" ndiyo inayoanza upya kabisa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha CPU, usome Up time; usishangae ukikuta wiki tatu.

Tovuti zote za benki zikikataa kwa madai ya usalama kwenye kompyuta moja ya zamani, tazama saa na tarehe kabla ya kitu kingine. Betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani ya kompyuta ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa na vyeti vya tovuti vinaonekana batili. Betri hiyo si ghali.

Kuhusu nakala za akiba nitasema kwa ufupi ila kwa uzito. Diski ya nje inayokaa imechomekwa wakati wote si akiba. Virusi vinavyofunga faili vitaifunga na yenyewe. Kirusi cha aina hiyo, WannaCry, kilipoenea tarehe 12 Mei 2017, Microsoft walikuwa wameshatoa kinga tangu Machi mwaka huohuo. Kwa hiyo sakinisha masasisho, chomoa diski ukimaliza kunakili, na kila mwezi jaribu kurudisha faili moja uone kama inafunguka. Na kama ofisi yenu bado iko kwenye Windows 10, jueni kuwa msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Bajeti ijayo ilitaje hilo kwa maandishi.

Mwisho, nunua daftari la karatasi, lisiwe faili ndani ya kompyuta. Ukurasa wa kwanza andika anwani ya ruta, anwani ya printa, namba ya mteja ya kampuni ya intaneti, na jina la anayetunza nywila ya ruta. Kurasa zinazofuata andika kila hitilafu, ulipoikuta na ulichofanya. Anza leo, wakati kila kitu kinafanya kazi.