Kuilaza Injini ya Gari Wakati wa Masika

Watu wengi hudhani ya kuwa gari lisilotembea haliharibiki. Sivyo, na hasa kwetu Mbuchi, ambako upepo wa bahari una chumvi na unyevu hauondoki katika nchi ya mikoko. Masika yaingiapo mwezi wa Machi, njia za udongo hugeuka tope, na magari makuukuu husimamishwa mpaka mvua ikatike. Kisha mpunga huvunwa, magunia yangoja kupelekwa sokoni, na mwenye gari akijaribu kuliwasha halijibu neno: pistoni zimeshikamana na silinda kwa kutu.

Wako wenye desturi ya kuwasha injini dakika 5 kila juma ili isishikamane. Desturi hii yaweza kudhuru kuliko kufaa. Petroli ikiungua huzaa maji. Lita 1 ya petroli hutoa maji yapatayo lita 1, nayo hutoka kama mvuke. Injini ikipata moto sawasawa, mvuke huo huenda zake kwa bomba la moshi. Ikizimwa ingali vuguvugu, mvuke hugeuka maji ndani ya silinda, ndani ya oili na ndani ya bomba. Basi ni heri kuilaza vema mara moja kuliko kuiamsha nusunusu.

Taratibu ifuatayo ni ya injini ya petroli yenye kabureta. Ya dizeli aulizwe fundi wake.

Kwanza, chagua mahali penye paa, palipoinuka, pasipofikiwa na maji ya bamvu.

Pili, jaza tangi petroli mpya, ili pasibaki nafasi ya hewa yenye unyevu. Endesha gari hata injini ipate moto, umwage oili ya zamani ingali moto, kwani ina asidi na masizi yanayokula chuma. Usiimwage mtoni, huua samaki na kamba. Tia oili mpya na chujio jipya.

Tatu, washa injini mahali pa wazi, kwa kuwa moshi wake katika banda lililofungwa huua mtu. Oili mpya ikiisha kuzunguka, funga bomba la petroli litokalo tangini, uache injini izime yenyewe. Hivyo kabureta hubaki tupu. Petroli ikikaa humo miezi hugeuka kama utomvu na kuziba vitundu vyake.

Nne, injini ikipoa, angalia rejeta. Ikiwa na maji ya dawa ya kuzuia kutu, yaache yamejaa. Ikiwa na maji matupu, yafungulie yote.

Tano, ng'oa plagi, utie kijiko 1 cha oili safi katika kila silinda. Funika matundu kwa kitambaa, gia ikiwa huru, uizungushe injini kwa mkono mara chache ili oili ienee. Rudisha plagi.

Sita, ziba mdomo wa bomba la moshi na wa kuvutia hewa kwa matambara yenye mafuta, panya na nyigu wasijenge humo. Andika kibao, ukifunge kwenye usukani: "Usiwashe. Matambara yamo."

Saba, fungua betri, ukianza na waya wa hasi, uiweke pakavu, na kuichaji kila mwezi.

Siku ya kuiamsha, ondoa matambara, ng'oa plagi, uizungushe injini kwa mkono kwanza. Tia maji, rudisha plagi na betri, ndipo uwashe.

Delta yetu yenyewe yatupa mfano. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilipigwa na Waingereza, na mabaharia wake wakaizamisha humu tarehe 11 Julai, 1915. Mizinga yake 10 ilitolewa, ikatengenezwa, ikatumika tena vitani nchi kavu. Lakini chombo chenyewe kilichoachwa majini kililiwa na kutu, kikamezwa na tope. Chuma kilikuwa cha meli ile ile. Kilichotofautiana ni matunzo. Mwenye gari na atoe siku moja kabla ya mvua, naye hatakosa kupakia magunia yake mavuno yakifika.