Gesi ya Friji Kuukuu na Mlango wa Juu ya Vichwa Vyetu

Jamaa zetu waliohamia bara, wakaweka maskani Thika na Ruiru, wanaujua moshi wa jioni: wa makaa, wa viwanda, wa magari ya barabara kuu. Moshi huo unaudhi, lakini haukai hewani muda mrefu. Baada ya siku chache, au wiki moja hivi, huteremshwa na mvua, au hutua wenyewe juu ya mabati na nguo zilizoanikwa. Tabaka hili la chini, lenye mawingu na mvua, huitwa troposfia. Hewa yake huvurugika kama uji jikoni. Wingu moja la radi wakati wa masika laweza kuipandisha kilomita kumi na zaidi kwa muda mfupi.

Juu yake kuna tabaka la stratosfia, na huko mambo ni mengine. Katika nchi za ikweta mpaka wa matabaka haya uko kiasi cha kilomita 16 au 17 juu ya bahari, na baridi yake hukaribia nyuzi 80 chini ya sifuri. Baridi hiyo ndiyo bawabu: mvuke wa maji hugeuka barafu ukabaki nyuma, hewa ikapita kavu. Mwaka 1949 mtaalamu Mwingereza, Alan Brewer, aliona kuwa hewa ya stratosfia juu ya Uingereza ni kavu mno, akakata shauri kwamba lazima iliingia kwa mlango huu wa kwetu. Ikishaingia hupanda polepole, mita 20 au 30 tu kwa siku, kisha huelekea kaskazini na kusini, na kushuka baada ya miaka. Huko hakuna mvua ya kuiosha.

Sasa tazama friji kuukuu. Gesi yake, R-12, haioshwi na mvua wala haiharibiki huku chini. Hudumu takriban miaka 100. Hupenya mlango ule, na huko juu mionzi ya jua huimegua ikatoa klorini, nayo hula ozoni inayotukinga na jua kali. Ozoni yetu ni haba tangu hapo, kwani hutengenezwa kwa wingi juu ya ikweta lakini mkondo uleule huipeleka nchi za baridi. Idara ya Hali ya Hewa huipima kwa maputo yanayorushwa kutoka Dagoretti, Nairobi.

Mkataba wa Montreal wa 1987 ulikomesha utengenezaji wa gesi hizo, kwa nchi zetu ifikapo 2010. Friji zenyewe, hata hivyo, bado zimo majumbani. Mama wa nyumba, soma kibandiko cha nyuma kabla fundi hajakata mrija. Kikisema R-12, mtake aivute gesi kwa mashine na kuitia katika mtungi. Kikisema R-600a, ozoni haidhuriki, ila gesi hiyo hushika moto. Kazi ifanyike mbali na jiko.