Mbio za Punda na Haki ya Mnyama

Kila mwaka, Mfungo Sita unapokaribia kumalizika, wageni kutoka pande nyingi za mwambao huwasili Lamu kuhudhuria Maulidi yanayofungamana na jina la Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha. Miongoni mwao wamo ndugu zetu wa Tanga, Pemba na Unguja. Pamoja na kasida na dua, hufanyika michezo, na mmojawapo wa michezo inayopendwa mno ni mbio za punda kandokando ya bahari. Wengine duniani wana farasi wao wa mbio. Mwambao una punda.

Mchezo huu una raha yake, wala hatuna nia ya kuubeza. Mpandaji akishinda, mtaa mzima hushinda naye. Lakini mbio hazina mwenyewe. Zizi lililoongoza mwaka huu laweza kuburura mkia mwakani, kwa kuwa punda amechechemea, au kwa kuwa ameamua kusimama katikati ya njia kama ilivyo ada yake.

Tofauti kubwa ni hii: farasi wa mbio hufugwa kwa mbio, na baada ya mashindano hupumzishwa. Punda wa Lamu hana likizo. Katika mji ule, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, vichochoro ni vyembamba na gari haipiti. Mawe, mchanga, saruji na bidhaa za dukani vyote hupita mgongoni mwake. Kwa hiyo, punda akivunjika mguu mbioni, mwenyewe hakupoteza kikombe tu. Amepoteza riziki ya watoto wake.

Ndiyo maana tunashikilia kwamba hesabu ya ushindi isiishie kwenye kasi. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua kituo cha matibabu ya punda Lamu mwaka 1987, kikitoa huduma bila malipo. Hata mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri yamepata kufanyika huko, na mshindi akapewa zawadi. Hilo ni jambo la kuigwa popote punda wanaposhindanishwa.

Hatari nyingine imetoka mbali. Nchini China ngozi ya punda huchemshwa ikatolewa gundi iitwayo ejiao, inayotumika kama dawa. Kenya iliruhusu machinjio ya punda kuanzia mwaka 2016. Wizi wa punda ukazidi na bei ikapanda. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, lakini mwaka 2021 mahakama ikaitengua amri hiyo. Biashara hii huwamaliza punda upesi, kwani jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka mzima hivi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu.

Desemba 2022 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kulijadili jambo hili, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika waliafiki kukomeshwa kwa uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Azimio lililofanyiwa kazi katika ardhi yetu halipaswi kubaki karatasini.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa Mkoa wa Tanga na wa Visiwani. Maofisa wa mifugo wawafikie wafugaji wa Handeni na Kilindi, ambako akina mama hutegemea punda kuchota maji. Wananchi watoe taarifa wamwonapo mnunuzi wa ngozi anayepita vijijini kwa siri. Nao waandaaji wa mbio, popote walipo, wahakikishe kila punda anakaguliwa na mganga wa mifugo kabla ya kuanza, mwenye kidonda anaondolewa, na fimbo inawekewa mpaka.

Wazee walisema punda afe, mzigo ufike. Msemo huo ulimfaa msafiri mwenye haraka. Kwa mchukuzi wa Lamu na mama wa Kilindi, punda akifa hakuna mzigo utakaofika kesho yake.