Mikono na kucha: vitu vitano vya kufanya nyumbani, na kimoja cha kuacha kabisa



Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee mikono. Msicheke. Miaka michache iliyopita nilikaa karibu wiki mbili siwezi kufunga hata kifungo cha blauzi kwa sababu ya kidole kimoja tu, na nusu ya kosa ilikuwa yangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa na harusi ya ndugu, nikaenda saluni moja hapa Dar (jina naliacha) kusafishwa kucha. Kijana akatoa kimkasi kwenye kopo la maji, kopo lile lile alilokuwa anachovyea vifaa vya mteja aliyenitangulia, akaanza kunikata vile vigozi vya kwenye shina la kucha. Damu ikatoka kidogo. Akafuta na pamba, akaniambia, "Usijali dada, kawaida hiyo." Mimi nami nikanyamaza, si nataka kupendeza?

Siku ya tatu kidole cha shahada kikaanza kuvimba na kupwita. Shangazi akasema huyo ni mdudu wa kidole, nichovye kwenye maji ya moto yenye chumvi. Nikachovya. Siku ya tano usingizi hakuna, nikaenda hospitali. Daktari akapasua, usaha ukatoka, nikapewa na dawa za kumeza. Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike leo: "Nani alikwambia hii ngozi ni uchafu?"

Akanielewesha. Kucha yenyewe imekufa, ndiyo maana ukiikata huumii. Imetengenezwa na keratini, kitu kile kile cha nywele na pembe za ng'ombe. Sehemu iliyo hai ni shina lake, limejificha chini ya ngozi. Na kile kigozi chembamba kinachogusana na kucha kazi yake ni kuziba, kama ule mpira wa mlango wa friji. Ukikikata au ukikisukuma kwa nguvu, umeufungua mlango. Bakteria na fangasi hawahitaji kadi ya mwaliko.

Maji nayo hufungua mlango huo, ila taratibu. Kucha hunywa maji na kuvimba, ikikauka inasinyaa. Ikifanya hivyo mara ishirini kwa siku, mwaka mzima, inachanika matabaka na kukatika. Ngozi nayo inapoteza mafuta yake, inapasuka. Ndiyo maana mama lishe, dada wa kazi, dobi, muuza samaki na muuguzi huumwa vidole kwa miezi: shina limevimba, kigozi kimeachia, kucha inabadilika umbo. Na kwa mama lishe hilo ni suala la riziki, maana mteja kabla hajaonja wali anaangalia kwanza mkono unaopakua.

Haya, twende kwenye utaratibu wenyewe. Hauhitaji duka la vipodozi.

1. Nawa, halafu KAUSHA. Tumia sabuni ya kawaida isiyo kali na maji ya kawaida, ya moto sana yanaondoa mafuta ya ngozi. Sekunde 20 zinatosha, usisahau chini ya kucha na katikati ya vidole. Ila wengi tunakosea mwishoni: tunajipangusa kwenye kanga tukikimbia. Kausha kati ya vidole na chini ya pete. Unyevu unaobaki chini ya pete ndio unaowapa watu vipele wakadhani wamerogwa na mawifi.

2. Paka mafuta ngozi ikiwa bado laini. Mafuta ya mgando au ya nazi yanatosha. Paka kila baada ya kazi ya maji, na usiku kabla ya kulala sugulia kidogo kwenye shina la kila kucha, kama dakika mbili hivi. Mikono iliyopasuka sana ipake mafuta mengi, kisha uivalishe soksi safi za pamba ulale nazo. Utachekwa usiku wa kwanza tu.

3. Kata mara moja kwa wiki. Baada ya kuoga ndiyo saa nzuri, kucha ni laini. Fuata umbo la kidole, acha kaukingo kadogo keupe, usichimbe pembeni. Ukipiga tupa, peleka upande mmoja, usiende na kurudi kama unayekata mbao. Kuhusu meno: mate ni maji, na mdomo umejaa bakteria. Nadhani nimeeleweka.

4. Kinga mikono kabla ya kazi. Kama una glavu za mpira, vaa unapofua na kuosha vyombo, lakini zisikae mkononi muda mrefu, maana jasho nalo ni maji. Ukimaliza zigeuze ndani nje zikauke. Huna glavu? Sabuni ya unga ikoroge kwanza na kijiti mpaka iyeyuke, usikoroge na mkono. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe usiiguse kabisa bila kinga. Na kusanya kazi za maji zifanyike kwa pamoja, kuliko kulowesha mikono kila robo saa.

5. Kila mtu na kifaa chake. Kikata kucha ni kama mswaki. Kwenye familia nyingi kipo kimoja kinazunguka kuanzia babu mpaka mjukuu, na fangasi naye anazunguka nacho. Kioshe kwa sabuni, kifute kwa spiriti, kikauke. Ukienda saluni au ukimwita kijana anayepita mtaani na ndoo yake, beba vifaa vyako. Damu ikishatoka, hatari si usaha tu: homa ya ini aina ya B inaambukizwa kwa damu, hata ile usiyoiona kwenye mkasi.

Hivyo ndivyo vitano. Cha kuacha kabisa mmeshakijua: kukata kile kigozi. Kikiwa na kijinyama kinachoning'inia, kata hicho tu kwa mkasi safi, usikivute. Mengine yaacheni yakae yalivyoumbwa.

Sasa niwaguse kidogo wapenzi wa urembo. Hina asilia haina tatizo kwa walio wengi, na rangi yake ni ya machungwa au kahawia. Ukiona "hina" nyeusi tii, yaani piko, mara nyingi ni dawa ya nywele, na kuna watu imewachoma mikono mpaka malengelenge na makovu. Limao la kung'arisha mikono nalo lina kesi yake: ukipaka halafu ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi kwa wiki nyingi. Unatafuta weupe unapata weusi! Rangi ya kucha si dhambi, ila zipumzishe kucha mara moja moja, na dawa ya kufutia isiwe ya kila siku, inakausha mno.

Na vile vidoa vyeupe kwenye kucha? Tuliambiwa utotoni ni upungufu wa kalisi. Mara nyingi ni alama ya kujigonga tu, vitaondoka kucha ikikua.

Mambo ya kwenda hospitali bila kubishana ni haya: kidole kinachopwita na kujaa usaha, au wekundu unaopanda mkononi, kucha iliyogeuka kama kijiko (inaweza kuwa upungufu wa damu), kucha inayoachia nyama, na mwenye kisukari asisubiri hata siku moja. Halafu kuna mstari mweusi. Sisi weusi kuwa na mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida. Lakini mstari mpya kwenye kidole kimoja, unaopanuka au unaomwaga rangi kwenye ngozi, uonyeshe. Bob Marley aligunduliwa saratani chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977. Awali ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Mwisho, subira. Ukucha wa mkono unakua kama milimita 3 kwa mwezi, hivyo kuupata mzima mpya ni miezi minne mpaka sita. Usipake mafuta siku mbili ukaja kunitukana hapa.

Kidole changu kilipona, ila ukucha umebaki na kimfereji katikati. Kila nikikiona nakumbuka lile kopo la maji. Siku hizi naingia saluni na kimfuko changu, na kijana akishika mkasi namwambia mapema: paka rangi mdogo wangu, kigozi niachie.

Nawasilisha. Mwenye lake la kuongeza au kunikosoa, hasa mama lishe na wauguzi, uwanja ni wenu hapo chini.