Kusanifu upya tovuti ya makumbusho

Kusanifu upya tovuti ya makumbusho ni kazi ya kupanga upya kurasa za makumbusho katika intaneti ili zihudumie makundi mawili: watu wanaotaka kufika na kujionea, na watu walio mbali wanaotaka kuchunguza mikusanyo bila kusafiri. Kazi hiyo haiishii kwenye rangi na picha. Inahusu pia uamuzi wa nini kionyeshwe, kwa maelezo gani na kwa idhini ya nani. Makumbusho ya Mkwawa huko Kalenga, mkoani Iringa, yanasaidia kulielewa jambo hilo.

Mfano wa Kalenga

Kalenga ilikuwa makao makuu yenye ngome ya Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe. Jeshi lake liliwashinda Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Wajerumani waliiteka Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, lakini Mkwawa aliendelea kupigana hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe.

Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Halikutolewa. Mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilitafuta katika makumbusho ya Bremen, yaliyokuwa na mafuvu 2,000 hivi. Fuvu lilichaguliwa kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, nalo limehifadhiwa Kalenga. Baadhi ya wanahistoria wametilia shaka kama ndilo lenyewe. Shaka hiyo inaonyesha hasara ya kuhifadhi kitu bila maelezo ya kuaminika kuhusu kilikotoka.

Mahitaji ya wageni

Mgeni huhitaji kwanza mambo machache: mahali, njia ya kufika, saa za kufungua, kiingilio na namba ya simu. Haya huwekwa kwenye ukurasa wa mwanzo. Kwa kuwa watu wengi nchini Tanzania hutumia intaneti kwa simu ya mkononi na hulipia kila kifurushi, kurasa zinapaswa kuwa nyepesi na picha ziwe ndogo. Picha kubwa ifunguke pale tu msomaji anapoitaka.

Mikusanyo katika intaneti

Kila kitu hupewa namba yake, picha na maelezo: jina, kazi yake, vipimo, mahali kilipotoka, mtu aliyekichukua na namna alivyokipata. Jina la kitu kwa lugha ya wenyewe, kwa mfano Kihehe, huandikwa pamoja na la Kiswahili.

Sehemu ya kutafuta inapaswa kutambua tahajia mbalimbali. Katika maandishi ya Kijerumani jina la Mkwawa huonekana pia kama "Quawa". Anayetafuta kwa tahajia moja tu anaweza kukosa kumbukumbu muhimu.

Anwani ya kila ukurasa inapaswa kudumu. Tovuti ikibadilishwa, anwani za zamani zielekezwe kwenye kurasa mpya, la sivyo viungo vilivyomo katika vitabu na makala nyingine hufa.

Mabaki ya wanadamu

Suala gumu zaidi ni mabaki ya watu. Picha ya fuvu ikishawekwa hadharani inaweza kunakiliwa popote, na ukoo hauwezi tena kuirudisha. Kwa upande mwingine, kuficha kumbukumbu zote huwanyima jamaa nafasi ya kuwatafuta watu wao. Mwaka 2023 ilitangazwa mjini Berlin kwamba katika utafiti wa mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki, jamaa walio hai wa baadhi ya marehemu walipatikana nchini Tanzania kwa msaada wa kumbukumbu za maandishi na vipimo vya vinasaba.

Kwa hiyo njia inayofaa ni kutenganisha maelezo na picha: maelezo ya mahali, mwaka na jina yawe wazi kwa wote, bali picha itolewe kwa idhini ya ukoo au jamii inayohusika. Uamuzi huo unapaswa kufanywa pamoja nao kabla ya tovuti kuanza kujengwa.