Gharama za Umeme na Amani ya Nyumba

Yako mambo madogo yanayoingia nyumbani bila ya kubisha hodi, na yakisha kukaa huondoa mapenzi baina ya watu wa nyumba kuliko misiba mikubwa. Moja katika hayo, siku hizi, ni gharama za umeme. Bibi zetu walipowasha kibatari au karabai, kila mtu aliyaona mafuta yakipungua chupani. Umeme haupungui mbele ya macho. Mkono hubonyeza swichi, taa ikawaka, na hakuna anayekumbuka hesabu mpaka siku ya giza. Na siku hiyo ikifika, wa kwanza kulaumiwa huwa ni mama wa nyumba.

Twapenda katika makala haya kuwakumbusha ndugu zetu kwamba jambo hili lina mizani yake, na mizani hiyo ina sahani mbili: haki ya anayenunua na haki ya anayeuza. Asiyeijua mizani yake hawezi kubana matumizi, wala hawezi kudai haki yake. Mfano wetu tutautoa Tanzania Bara, ambako nyumba nyingi hununua umeme kwa utaratibu wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia. Lakini mafunzo yake yatamfaa Mwislamu popote alipo.

Chukueni mfano wa nyumba moja. Bwana wa nyumba hiyo ni fundi cherehani, naye alizoea kununua uniti 65 kwa mwezi. Akiwa katika daraja la wateja wadogo, liitwalo D1, alilipa shilingi 6,500 kabla ya kodi na tozo. Mwezi mmoja akaona fedha alizozoea kutoa hazitoshi. Akaongeza, nazo zikaisha, akaongeza tena. Mwisho wa mwezi akajumlisha, akakuta amelipa shilingi 14,500. Akapandisha sauti mbele ya watoto, akisema kwamba mkewe hana uchungu wa mali ya mumewe. Mke akanyamaza na machozi yakamlengalenga, maana hakuwa na la kujitetea.

Kijana wao wa sekondari akasema kwa adabu, "Baba, niwie radhi. Niruhusu nipige hesabu kabla ya kumlaumu mama." Akachukua daftari, akageuza kila chombo na kusoma idadi ya wati iliyoandikwa nyuma yake. Alikuwa amefundishwa shuleni kwamba uniti moja ni wati 1,000 zikifanya kazi kwa muda wa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima hula uniti moja; taa ya wati 60 yaweza kuwaka zaidi ya saa 16 kabla ya kula uniti hiyo.

Akafika kwenye birika la umeme la wati 2,000. Birika kama hilo likichemka nusu saa kwa siku hula uniti moja kila siku, nazo ni uniti 30 kwa mwezi. Akauliza, "Mama, birika hili limeanza kutumika sana lini?" Mama akajibu, "Tangu bibi yako alipokuja kuugulia hapa. Namchemshia maji ya kuoga na ya kunywa, asubuhi na jioni." Bibi huyo ndiye mama mzazi wa yule bwana. Mke alikuwa akimhudumia mama mkwe wake kwa mikono yake, naye analaumiwa kwa ubadhirifu! Bwana akainamisha kichwa, kisha akamwomba mkewe radhi pale pale mbele ya watoto, kama alivyomfokea mbele yao.

Lakini yafaa tuulize: uniti zilitoka 65 zikawa 95, ongezeko lisilofika nusu. Mbona fedha zimepita mara mbili? Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja wa D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti inayozidi ni shilingi 350. Basi uniti 75 za kwanza zilimgharimu fundi wetu shilingi 7,500, na zile 20 za ziada peke yake zikala shilingi 7,000. Bei haikupanda, nyumba ndiyo iliyovuka mpaka bila ya kujua. Tena hesabu hufuata uniti zinazonunuliwa ndani ya mwezi. Kwa hiyo mwenye kununua nyingi kwa pupa ili aweke akiba aweza kujivusha mpaka kwa mkono wake mwenyewe.

Mteja wa daraja la T1, katika bei hizo hizo, hulipa shilingi 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza. Uniti 75 humgharimu shilingi 21,900, ambapo jirani yake wa D1 hulipa 7,500. Basi la kwanza linalompasa kila mwenye nyumba ni kujua yuko daraja gani, na ikiwa matumizi yake ni madogo mwezi hata mwezi, aende ofisini akaulize kama astahili kuwekwa katika daraja la wadogo. La pili ni kusoma risiti yake mpaka mwisho. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa katika ununuzi wa umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikafanywa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji anayeikatwa ana haki ya kuzungumza na mwenye nyumba wake wapatane jinsi ya kurudishiana, wala mwenye nyumba mwenye kumcha Mungu hangojei kukumbushwa.

Je, fundi wetu alifanya nini? Hakumnyima mama yake maji ya moto. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Furqan, yawasifu waja wema kwamba matumizi yao yako katikati, si israfu wala si ubahili. Walibadilisha taa mbili za kizamani za wati 60, zilizowaka saa tano kila usiku, wakaweka za LED za wati 9. Hapo wakaokoa uniti 15 kwa mwezi. Wakajifunza kuchemsha maji kwa kipimo kinachohitajika, na ya kunywa wakayahifadhi katika chupa ya chai; nusu saa ya birika ikawa dakika 22, wakaokoa uniti nane. Uniti 95 zikawa 72, na gharama ikarudi shilingi 7,200. Bibi hakupungukiwa na chochote.

Na kuzima taa wakati wa kulala ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), aliyeamrisha taa zizimwe usiku kwa kuhofia panya asije akauburura utambi na kuwaunguzia watu nyumba. Leo hatuna utambi, lakini pasi iliyosahauliwa na waya uliochakaa huleta msiba ule ule.

Kuna jambo ambalo hatuna budi kulinena wazi. Wako watu ambao gharama zikiwazidi huita fundi wa uchochoroni akawaunganishia umeme usiopita katika mita. Baadhi ya vijana huitafutia hila hata katika dini, wakisema kwamba Mtume (s.a.w.) amewahesabu Waislamu kuwa ni washirika katika maji, malisho na moto. Ni kweli, hadithi hiyo imepokewa na Abu Daud. Lakini wanavyuoni wamebainisha kwamba maji yaliyokwisha kutekwa na kutiwa chomboni ni mali ya aliyeyateka, naye ana haki ya kuyauza. Umeme hautekwi bure: kuna mitambo, nyaya, na watu wanaopanda nguzo juani na mvuani. Anayeuchukua kwa siri ameiba, na hasara yake hubebwa na wale wanaolipa. Suratul Mutaffifin imewaonya wanaotaka kupimiwa kamili na wao wakipima wakapunguza. Onyo hilo lamhusu muuzaji mwenye mizani ya uongo, na lamhusu pia mnunuzi anayeipofusha mita. Atawezaje mtu kuswali chini ya taa ya wizi na akatumai kheri?

Sasa tuje kwenye sahani ya pili. Ikiwa umejihesabu, na bado waona mita yakudhulumu, au umelipa na uniti hazikufika, usinyamaze ukanung'unika barazani. Mtu mmoja alipomdai Mtume (s.a.w.) kwa maneno makali, na masahaba wakataka kumkemea, yeye aliwazuia, akaeleza kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema. Basi sema, lakini kumbuka kwamba Nabii Musa, alipotumwa kwa Firauni, aliamrishwa aseme kwa upole. Karani aliye dirishani si Firauni, wala huenda hana kosa lolote.

Tena nenda na maandishi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya Suratul Baqara inayoamrisha deni liandikwe. Weka daftari la umeme nyumbani: tarehe ya kununua, fedha, uniti ulizopata, na uniti zilizosomeka kwenye mita kila Ijumaa. Hifadhi risiti na zile tarakimu 20 za kuingiza. Malalamiko uyapeleke kwanza kwa shirika lenyewe, kwa barua, na ubaki na nakala. Usiporidhika, iko Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, ambayo kazi yake ni kusimamia baina ya muuzaji na mnunuzi. Na liko Baraza la Ushauri la Watumiaji, lililowekwa kumsaidia mnyonge asiyejua pa kuanzia. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA aweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Hali ni hiyo hiyo katika gesi ya kupikia. Mtungi wa kilo 6 au wa kilo 15 umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Mwambie muuzaji aupime mbele yako, utoe uzito wa chuma, uone gesi iliyobaki. Muuzaji mwaminifu hatachukia, na Wakala wa Vipimo umewekwa kwa ajili ya asiye mwaminifu.

Na wanaokaa nyumba moja ya kupanga, vyumba vingi mita moja, wasigawane kwa vichwa tu. Mwenye jokofu hawezi kulipa sawasawa na mjane mwenye taa moja. Waketi, waandike vyombo vya kila chumba, na kila mmoja alipe kwa kadiri ya wati zake na saa za kutumia. Anayenyamaza huku akijua kwamba mjane anamlipia jokofu lake, na ajihesabu kabla ya kuhesabiwa.

Mwisho, ndugu wasomaji, uniti mlizookoa msizihesabu kuwa ni zenu peke yenu. Mtume (s.a.w.) alimwusia Abu Dharr azidishe maji ya mchuzi ili jirani apate. Basi mkiona dirisha la jirani limekaa giza usiku wa pili na wa tatu, msiseme kwamba amelala mapema. Mbisheni hodi.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye nuru na mizani zenye haki. Amin.