Mto Ruzizi: mtumbwi unaingilia wapi, na maji gani yako na samaki?

Katika miaka hii ya karibuni, serikali imekuwa ikifunga uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kati ya Mei na Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukomaa. Kwa jamaa inayoishi na ndagala na mikeke, miezi mitatu ni mirefu. Njo hapo mvuvi wa Uvira, wa Kiliba ao wa Sange anageuza macho upande wa mto Ruzizi na kujiuliza: kule nako si kuko maji? Si kuko samaki?

Kuko maji, na kuko samaki. Lakini Ruzizi haiko ziwa. Si kila fasi mtumbwi unaweza kushuka, na si kila fasi yenye samaki inafaa kutiwa nyavu. Anayeingia bila kujua anaweza kupoteza mtumbwi, mguu ao maisha. Tena anaweza kuharibu akiba ya samaki ambayo ziwa lenyewe linaingojea.

Mto mmoja, maji ya namna tatu

Ruzizi inatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, kwenye urefu wa karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Inaishia Ziwa Tanganyika, kwenye karibu mita 770. Ni kusema, katika safari ya kilomita 117 hivi, maji yanashuka karibu mita 700. Lakini hayashuki sawasawa. Sehemu kubwa ya mteremko huo inamalizika katika makorongo ya juu, kati ya Bukavu na Kamanyola.

Njo maana barage za umeme zilijengwa huko: Ruzizi I, ya mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II, iliyoanza kazi mwaka 1989. Huko juu maji yanapiga mawe kwa nguvu, kingo zimesimama wima, na mtumbwi hauna kazi. Zaidi ya hayo, chini ya barage maji yanaweza kupanda hata siku ya jua kali, wakati mashini zinaachilia maji mengi. Mtu aliyesimama juu ya jiwe na ndoano yake anashtuka kuona njia ya kurudi imefunikwa.

Kutoka Kamanyola mto unaingia katika Uwanda wa Ruzizi. Unapita upande wa mashariki wa Luvungi, Luberizi, Sange na Kiliba. Mteremko unapungua, na mto unaanza kujipindapinda kati ya mchanga, matete na mashamba. Hapa njo mtumbwi unaanza kuwa na maana.

Maji ya namna ya tatu ni yale ya mdomo wa mto, fasi Ruzizi inagawanyika na kuingia ziwani. Hayo yana habari yake mwishoni.

Kutafuta fasi ya kushusha mtumbwi

Barabara ya taifa namba 5 inapita katika uwanda, lakini haifuati ukingo wa mto. Toka barabarani mpaka majini kuko mashamba ya mihogo, mahindi, mpunga na miwa. Kila njia ndogo inayoshuka inapita katika shamba la mtu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mvuvi mgeni haiko kuangalia maji, ni kuuliza watu. Mwenye shamba na chefu wa kijiji wanajua nani anapita wapi, na kama njia bado iko salama wiki hii. Katika uwanda ulioona vita vingi, njia iliyokuwa wazi juzi inaweza kuwa imefungwa leo.

Swali moja halipaswi kusahauliwa: "Mzee, njia hii imefunguliwa na watu ao na viboko?" Kiboko anakaa majini mchana, kisha usiku anatoka kula majani. Kila usiku anapita njia ile ile mpaka inakuwa safi, sawa njia ya watu. Kuitambua si vigumu: miguu yake iko mbali mbali, kwa hiyo njia yake mara nyingi inakuwa na mifereji miwili na tuta la majani katikati. Kufunga mtumbwi hapo ni kufunga mlango wa nyumba ya kiboko. Jioni na alfajiri, wakati anatoka ao anarudi, hataki kukuta mtu kati yake na maji.

Fasi nzuri ya kuingilia inakuwa na alama zake. Ukingo uko chini na udongo wake ni mgumu, haubomoki mguu ukikanyaga. Maji yanatembea polepole. Kuna nafasi ya kugeuza mtumbwi. Upande wa nje wa kona haufai, kwa sababu maji yanaukula kila siku: huko ni kina kirefu na udongo unaanguka ghafla. Upande wa ndani wa kona, wenye mchanga, ni rahisi zaidi, ila mamba naye anaupenda kwa kuota jua. Inafaa kusimama mbali na kuangalia kwanza, dakika kumi ao zaidi, kabla ya kukaribia.

Kisha kuna kanuni ambayo haina mjadala: fasi ya kutokea ijulikane mbele ya kuingia. Mvuvi mwenye akili anaanza kwa kupanda juu, akipiga kasia dhidi ya maji, wakati mikono ingali na nguvu. Akichoka, maji yenyewe yanamrudisha nyumbani. Anayeanza kwa kushuka anafurahi asubuhi na kulia jioni. Na kama hakuna jile ya kuogelea, bidon tupu ya lita 20, iliyofungwa vizuri, inaweza kumshikilia mtu juu ya maji.

Kusoma maji

Samaki wa mtoni hawapendi kuchoka bure. Wanakaa fasi chakula kinapita karibu na maji yenye nguvu, lakini wenyewe wamejificha pembeni: nyuma ya jiwe, chini ya mti ulioanguka, ao kwenye mpaka kati ya maji ya haraka na maji yaliyotulia. Mpaka huo unaonekana kwa macho, kwa sababu povu na majani yanazunguka pale bila kuondoka.

Tilapia anatafutwa katika maji ya polepole yenye majani. Kambare anapenda matope, matete na madimbwi yanayobaki pembeni baada ya mafuriko. Pale mto mdogo unaotoka milimani unaingia Ruzizi, kama vile ule wa Luberizi ao wa Sange, chakula kinaletwa kila siku, na samaki wanakuja kukipokea.

Mvua inabadilisha yote. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, maji yanapungua, na mchanga unajitokeza katikati ya mto. Wakati wa mvua, mito ya milimani inaweza kujaa kwa saa chache, hata kama mvua imenyesha huko juu tu. Wakaaji wa Uvira hawajasahau Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulipojaa, ukabomoa nyumba nyingi na kuua watu. Maji yakianza kugeuka rangi na kuleta vijiti, huo si wakati wa kumalizia nyavu. Ni wakati wa kutoka.

Mpaka uko majini

Kwenye sehemu ya juu, ng'ambo ya Ruzizi ni Rwanda. Chini ya Kamanyola, ng'ambo inakuwa Burundi. Mtumbwi unaosukumwa na maji mpaka ukingo wa pili umevuka mpaka wa nchi, hata kama mwenye nao alikuwa anafuata samaki tu. Usiku, askari hawezi kutofautisha mvuvi na mtu mwingine. Kuvua mchana, kuwa na karta ya mchaguzi, kuwa na kibali cha uvuvi, na kuarifu chefu wa kijiji: hivyo vinne vinaepusha matatizo mengi. Kwenye servisi ya serikali inayohusika na uvuvi, inafaa pia kuuliza kama kufungwa kwa ziwa kunagusa mto mwaka huo.

Fasi yenye samaki wengi njo ya kuacha

Kunabaki mdomo wa mto. Huko ni rahisi kuliko kote: maji yametulia, matete ni mengi, na samaki wadogo wanaonekana wakirukaruka. Mtu mwenye chandarua anaweza kujaza ndoo kwa muda mfupi. Lakini wale wadogo wanajificha katika matete kwa sababu huko wakubwa hawawafikii kwa urahisi. Samaki kadhaa wa ziwani wanatumia midomo ya mito na matete kwa kuzaa na kulea. Upande wa Burundi, delta iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rusizi. Samaki haoni mpaka: anayezaliwa upande mmoja anaweza kuvuliwa upande mwingine.

Ndoo moja ya vitoto leo ni mitumbwi mingapi ya samaki wazima mwaka ujao? Hakuna anayeweza kuhesabu, lakini kila mvuvi mzee anajua ni mingi. Sumu ni mbaya zaidi, maana inaua mayai pamoja na wazazi, na watu wa chini wanakunywa maji hayo hayo. Sheria inaikataza, sawa na baruti.

Kwa hiyo miezi mitatu ya kufunga ziwa haina faida kama wakati ule ule vitoto vinamalizwa mdomoni mwa mto. Anayetaka chakula cha jamaa kutoka Ruzizi anakipata katika kona za uwanda, kwa ndoano ao kwa nyavu ya macho makubwa, mchana, karibu na fasi anayojua namna ya kutokea. Kule chini kwenye matete, acha wadogo wakue. Ziwa likifunguliwa Agosti, njo hao watakaorudi ndani ya nyavu.